UZI: Shaboozey ni mtoto wa Chibueze. Tumfahamu alikotoka

Mshonaji wa Makongeni

Hamjambo wadau. Uzi huu nimekaa nao kifuani muda mrefu. Leo stima imepotea tangu asubuhi, cherehani zimelala, kwa hivyo nimeketi kuuandika wote. Mwenye haraka aupitie jioni.

Katikati ya 2024 nilikuwa kwenye matatu ya Jogoo Road, kiti cha nyuma kabisa, nimepakata mzigo wa vitambaa kutoka Biashara Street. Wimbo ukaanza. Gitaa kavu, fidla, makofi, halafu sauti nzito ya mwanamume anayesema mafuta na chakula vimepanda bei, kazi ya kutwa haimfikishi popote, na sasa ni wakati wa kwenda baa apumue. Konda alikuwa amening'inia mlangoni akipiga bati kwa kiganja, anafuata yale makofi bila kukosea. Nilijua ni muziki wa kantri kabla mstari wa pili haujafika, maana kantri imenilea. Nikajiambia huyu ni Mzungu wa Texas. Kijana aliyekaa kando yangu akanigeuzia simu: mtu mweusi, nywele za rasta zimeshuka mabegani, kofia ya kauboi kichwani. Jina, Shaboozey.

Usiku huo nililifuata hilo jina mpaka nikafika chini yake, nikakuta jina lingine limelala pale. Collins Obinna Chibueze. Alizaliwa Virginia, Marekani, Mei 1995, wazazi Wanigeria wa kabila la Igbo. Chibueze kwa Kiigbo ni Mungu ndiye mfalme. Obinna ni moyo wa baba. Lisomeni polepole: moyo wa baba, Mungu ndiye mfalme. Sasa Shaboozey limetoka wapi? Limetoka uwanjani. Akiwa mwanafunzi wa sekondari alicheza kandanda ya Kimarekani, na kocha wake hakuweza kulipata lile jina la ukoo. Alilikosea, wenzake wakalidaka lile kosa, na kijana akabaki nalo. Hata kofia halijavaa bado, tayari limeshatoka Igbo likawa kitu kingine.

Alikulia Woodbridge, mji ulio kusini kidogo ya Washington. Pale si mashambani na si jiji kuu. Ni mahali pa familia zilizohamia kutafuta maisha, na mtoto anasikia kila kitu: kufokafoka kwa vijana wenzake, roki redioni, na nyumbani muziki wa baba. Baba yake alikuwa amesoma chuo huko Texas, na alitoka kule na mapenzi ya Kenny Rogers na Garth Brooks, waimbaji wa kantri. Baba huyohuyo amefanya pia kazi ya shamba. Kisha wazazi wakampeleka Nigeria kwa miaka kama miwili, shule ya bweni, akarudi Virginia akiwa amelala kwenye vitanda vya chuma pamoja na watoto wa kwao na kuijua nchi ya babu zake kwa miguu yake mwenyewe.

Wengi huliruka hilo wanapomwandika. Husema «msanii mweusi ameingia kantri», kana kwamba alipita dirishani. Mimi naona kantri aliikuta mezani kwao kama sisi wengine tulivyoikuta, imeletwa na baba Mwafrika.

Hebu niwaambie nilivyoikuta mimi. Baba yangu alifanya kazi ya reli, kuunganisha mabehewa, ndiyo maana tuliishi Makongeni, mtaa wa watu wa reli hapa Nairobi. Chumba kimoja, pazia katikati, na juu ya kabati redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Betri zikianza kuchoka baba alizitoa, akazipanga juu ya bati la jirani zipigwe jua mpaka saa kumi, akazirudisha. Alizilinda kwa ajili ya jioni, kwa ajili ya Sundowner, kipindi cha muziki cha redio ya KBC. Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, akiingia, mama alipunguza moto wa jiko ili mafuta yasichachatike. Nimejua Kiingereza cha Jim Reeves kabla ya Kiingereza cha shule. Yule bwana alikufa 1964 kwenye ajali ya ndege karibu na Nashville, miaka mingi kabla sijazaliwa, na nilipoambiwa hivyo nikiwa darasa la nne nililia kama nimepewa habari za msiba wa mjomba.

Basi nikimsikia Chibueze nasikia nyumba kama hiyo yetu. Nataka tuzungumze juu yake kwa heshima. Karibuni.

Mzee wa Santuri

Dada, umeandika vizuri na baba yako nimemheshimu kwa mbali. Lakini mimi nina santuri za kantri tangu miaka ya sabini, na sikubali. Kantri ni Don Williams, ni Skeeter Davis, ni Charley Pride, kwa hivyo usiseme nina shida na rangi. Huyu kijana ametoka kwenye kufokafoka. Hata huo wimbo wake amechukua wa J-Kwon wa 2004, ule wa vijana kulewa klabuni, akauvisha buti. Mwaka mmoja wa umaarufu haumfanyi mtu mwanakantri.

Mshonaji wa Makongeni

Mzee wangu, asante kwa kuja, nilitamani mtu kama wewe aingie. Kuhusu J-Kwon umesema kweli tupu na yeye mwenyewe hakuficha, jina la ule wimbo wa zamani ameliweka kwenye mabano ya wimbo wake: A Bar Song (Tipsy). Lakini kantri ilianza lini kukataa kushona nguo mpya kwa kitambaa cha zamani? Mimi ni fundi, hiyo kazi naijua. Suti ya marehemu hukatwa ikawa kaptura ya mjukuu, na hakuna anayesema kaptura ile ni ya wizi.

Kuhusu mwaka mmoja, nakuomba uhesabu nami. Alianza kutoa nyimbo karibu 2014. Albamu ya kwanza, Lady Wrangler, ni ya 2018. Mwaka uleule sauti yake ilikuwa ndani ya muziki wa ile filamu ya katuni ya Spider-Man, akiwa na msanii Duckwrth, na watu waliimba bila kumjua. 2022 akatoa Cowboys Live Forever, Outlaws Never Die. Sikiliza majina hayo: kauboi, kauboi, kauboi, na wakati huo hakuna aliyekuwa akimlipa kwa sababu ya kofia. Machi 2024 Beyoncé anatoa Cowboy Carter na huyu yumo kwenye nyimbo mbili. Wiki mbili baadaye, Aprili 12, akauachia wimbo wake wa baa. Milango ilikuwa wazi, naye tayari alikuwa amesimama kizingitini miaka kumi.

Kilichofuata mnakijua. Aliupokonya wimbo wa Beyoncé namba moja kwenye chati ya kantri ya jarida la Billboard, na haikuwahi kutokea kabla ya hapo wasanii wawili weusi kupokezana kiti kile. Kisha kwenye chati kuu ya Marekani akakaa juu wiki 19. Wiki 19 mzee wangu! Wakati huo ilikuwa rekodi aliyokuwa nayo Lil Nas X, mweusi mwenzake, peke yake kwa Old Town Road ya 2019, na kumbukeni ule wimbo chati ya kantri iliufukuza wakisema si kantri ya kutosha. Miaka mitano tu kati ya kufukuzwa kwa mmoja na kukaa kwa mwingine.

Na kwa kuwa umemtaja Charley Pride, mtoto wa wakulima wa pamba wa Sledge, Mississippi, aliyecheza besiboli kabla ya kuimba: mwanzoni nyimbo zake zilipelekwa kwenye vituo vya redio bila picha, ili watu wampende kabla ya kumwona. 1971 akatajwa mtumbuizaji bora wa mwaka wa kantri. Wewe ulimpenda kwa sauti. Mpe na huyu nafasi hiyo, funga macho umsikilize.

Kasuku wa Kayole

Mimi ninauliza swali la kweli, si la ubishi. Kantri si muziki wa Wazungu wa mashambani? Sisi tunaipenda, sawa, lakini mizizi yake ni ya kwao.

Mshonaji wa Makongeni

Hapa ndipo nilipokuwa nataka tufike, ndugu yangu.

Banjo, chombo ambacho ukikisikia tu unaona ng'ombe na ua wa mbao, wazee wake wako Afrika Magharibi. Wajola wa Senegal na Gambia wanacho chombo kiitwacho ekonting: kibuyu kimefunikwa ngozi, fimbo ndefu, nyuzi tatu. Watu waliotekwa na kuvushwa bahari walibeba kichwani ujuzi wa kuvitengeneza vyombo vya aina hiyo, wakavitengeneza upya kule utumwani. Wazungu walijifunza kwao.

Halafu kuna DeFord Bailey. Nikimwandika huyu huwa natulia kidogo. Alizaliwa Tennessee 1899, utotoni akapata polio, akabaki na umbo dogo na mgongo ulioinama. Alipiga harmonika. Kwenye redio ya WSM, Nashville, alikuwa na kipande chake cha kuiga treni iitwayo Pan American: unaisikia inaanza mbali, inakaribia, inapita juu ya daraja, honi inalia, inatokomea. Yote kwa pumzi za mtu mmoja. Usiku mmoja wa 1927, kabla ya kipindi chao, redio ilikuwa imetoka kupiga muziki wa okestra, opera kubwa za Ulaya. Mtangazaji George Hay akamleta Bailey na treni yake, na baada ya hapo akasema mliyosikia kwanza ilikuwa Grand Opera, sasa karibuni kwenye Grand Ole Opry. Jina la jukwaa kubwa kuliko yote ya kantri lilitoka kinywani baada ya mtu mweusi kuliliza gari la moshi.

1941 walimwondoa. Akaishi kwa kung'arisha viatu hapohapo Nashville mpaka uzee. Alikufa 1982, na 2005 ndipo jina lake likaingizwa kwenye jumba la heshima la kantri.

Nilimchezea baba ile treni ya Bailey kwenye simu mwaka jana. Hakusema kitu mwanzoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya mkono wa kiti, na vidole vikaanza kugonga, viwili-viwili, vile magurudumu yanavyogonga kwenye maungio ya reli. Ilipofika mahali treni inapunguza mwendo, vidole vikapunguza mwendo. Akasema, «Huyo amesimama karibu na reli, hakuhadithiwa.»

Mpenda Banjo

Ongeza na Lesley Riddle, dada. Wengi wanaijua familia ya Carter tu, wale waimbaji wa kantri wa zamani.

Mshonaji wa Makongeni

Asante, na Shaboozey mwenyewe amemtaja. Mei 2025 alikuwa jukwaani kwenye tuzo za muziki za Marekani, AMA, pamoja na mwimbaji wa kantri Megan Moroney, wakisoma maneno waliyoandikiwa. Moroney akasoma kwamba familia ya Carter ndiyo iliyoivumbua kantri, na kamera ikamnasa Shaboozey akigeuza macho na kutabasamu kidogo. Video ikasambaa. Baadaye akawaambia watu wakayatafute majina haya ya wanamuziki weusi: DeFord Bailey, Lesley Riddle, Steve Tarter na Harry Gay. Na akafafanua kwamba hakuwa na neno na yule dada, hakutaka ashambuliwe. Nilimpenda zaidi kwa hilo la pili.

Riddle alikuwa mpiga gitaa mweusi aliyeishi Tennessee na aliyepoteza mguu kazini. Alizunguka vijijini na A. P. Carter, kiongozi wa familia hiyo, kukusanya nyimbo. Carter aliandika maneno kwenye karatasi, na Riddle alibeba sauti kichwani mpaka nyumbani. Wakifika, wimbo unapatikana mzima kwa sababu vichwa viwili vimeubeba. Majina yaliyoandikwa kwenye santuri, hata hivyo, hayakuwa mawili.

Dere wa Rongai

Nimeisoma yote nikiwa stendi nangoja zamu. Mimi swali langu ni moja. Kama anajivunia Uigbo wake, si angetumia Chibueze? Kukubali jina lililoharibiwa na kocha ni kama kukubali kudharauliwa. Kwenye zile tuzo za kantri za CMA za Novemba 2024 si walilifanyia mzaha usiku kucha, huyu anapanda anatania, yule anapanda anatania, na kijana ameketi pale na mwishowe hakupewa hata moja?

Mshonaji wa Makongeni

Niliiona, kaka. Iliniuma. Nitakujibu, lakini ngoja kwanza, kuna mtu ameniandikia ndani nikamwomba aje aseme hapa mbele ya wote.

Chai ya Litein

Habari za jioni. Mimi kwetu ni Litein, ninaishi Kasarani, na sijazoea kuandika kwenye nyuzi ndefu, mnivumilie.

Kilometa chache kutoka kwetu kuna Kapkatet. Mwaka 1950 alifika pale Mwingereza aitwaye Hugh Tracey, mtu aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi. Wakipsigis walikuwa wamekwisha kusikia gramafoni zilizoletwa na Wazungu, na kati ya sauti zilizowashangaza ilikuwa ya Jimmie Rodgers, yule wanayemwita baba wa kantri. Jina lake halikukaa midomoni mwa wazee wetu lilivyokuja. Likawa Chemirocha. Mnajua kwetu majina mengi ya kike yanaanza na Che: Chebet, Cherono, Chelangat. Kwa hivyo mgeni alivikwa nguo ya nyumbani, ya binti, akakaribishwa.

Tracey aliwarekodi wakimwimba. Kuna rekodi tatu zenye jina hilo, na ya tatu ndiyo inayojulikana duniani: wasichana wanaitikiana, na chini yao kinubi chetu, chepkong', kinazunguka palepale bila kuchoka. Wanamwita Chemirocha aje acheze nao. Tracey aliandika kwamba walimwona kama kiumbe nusu mtu nusu paa, kwa sababu hiyo sauti ilitoka kwenye sanduku na mwenyewe haonekani. Rekodi zimehifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini, na katika miaka hii ya karibuni zililetwa Kapkatet, wazee wakasikilizishwa sauti zao na za dada zao.

Kitu kinachonigusa: Jimmie Rodgers alikufa 1933 kwa kifua kikuu, umri miaka 35. Wale wasichana walikuwa wanamwalika kwenye ngoma mtu aliyekufa miaka 17 nyuma, na hawakujua. Na kabla ya kuimba alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa breki za treni. Nilipoona baba ya dada ni wa reli nikashindwa kunyamaza.

Mshonaji wa Makongeni

Nimesikiliza hiyo ya tatu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Asante sana, ndugu yangu wa Litein.

Sasa nakujibu, Dere wa Rongai.

Baba yangu alipopelekwa darasa la kwanza, mwalimu aliyekuwa akiandikisha watoto alimuuliza jina. Akalitaja kama linavyotajwa kwao Bungoma. Mwalimu akaandika alichosikia. Silabi moja ikadondoka na herufi ya kwanza ikageuka. Mtoto wa miaka saba hawezi kumsahihisha mwalimu. Hilo jina likaenda kwenye cheti chake, kitambulisho, kadi ya kazi, likaja kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Mimi ni wa ukoo ambao haupo Bungoma yote. Tukienda nyumbani shangazi zangu wananiita kwa jina lenyewe, nikirudi Nairobi napanda basi natumia lile la mwalimu.

Nikiwa na miaka 22 nilimwambia baba tulibadilishe, kuna utaratibu wa kuapa na kutangaza. Nilikuwa na hasira kama yako, kaka. Baba alikuwa akipaka mafuta viatu vyake vya kazi, vile vizito vyenye chuma mbele. Akaniambia jina lile la makosa ndilo lililosainiwa kila mwezi likamlipia karo yangu. Ndilo lililoitwa siku ile behewa lilipoteleza na wenzake walipokuwa wakihesabiana kama wote wako hai. «Aliitika nani?» akaniuliza. «Niliitika mimi.» Akaendelea na kiatu.

Sisemi kwamba mwalimu alifanya vyema. Alikosea, na hakuna aliyewahi kumwomba baba msamaha. Lakini jina ni la yule aliyeitika. Chibueze aliitwa vibaya uwanjani, akaitika, akacheza, akalibeba miaka kumi bila faida mpaka likaandikwa juu ya chati wiki 19. Wale waliolitania kwenye jukwaa la Nashville walidhani wanacheka sauti ya ajabu. Ndani yake kuna Mungu ndiye mfalme, limevunjika kidogo, lakini limo. Chi bu eze. Sha bu zi. Litamkeni kwa sauti mahali mlipo.

Na Kapkatet ilikuwa kinyume chake, lakini naona ni jambo lilelile. Jimmie Rodgers alipinda midomoni mwetu, na hawakumcheka wale wasichana. Walimtungia wimbo wakamwambia njoo ucheze. Kukosea jina kwa kumdharau mtu na kulikosea kwa kumtamani aje ni vitu viwili mbalimbali, hata kama herufi zinaharibika sawasawa.

Kasuku wa Kayole

Hapo kwa «niliitika mimi» nimeweka simu chini.

Swali lingine basi. Wetu wa hapa je? Mbona hatuwapi uzi?

Mshonaji wa Makongeni

Wanastahili uzi wao na ninakuomba uufungue wewe. Sir Elvis, yaani Elvis Otieno, ameimba kantri Nairobi kwa miaka na miaka, mpaka watu wakamwita mfalme wake hapa, na jina lake la kwanza amepewa kwa Elvis Presley. Esther Konkara naye ana sauti inayoweza kusimama popote. Nenda siku ya kantri kwenye kumbi zetu uone: kofia, buti, mikanda yenye bizimu kubwa, watu wa benki na watu wa mitumba wanaimba Kenny Rogers neno kwa neno. Kilichobaki ni hao wetu kuandika nyimbo zao wenyewe kwa wingi, juu ya Kinangop na Molo na Naivasha, juu ya ng'ombe wetu na treni zetu. Mwenye nguvu ya kuchanga, achange kwa kwenda kuwasikiliza wakiimba za kwao, si za Jim Reeves tu. Na hilo nalisema nikiwa mtoto wa Jim Reeves.

Mzee wa Santuri

Nimerudi. Nilifunga macho kama ulivyoniambia, dada. Huo wa baa bado si wangu, nina miaka 68, sina shughuli na baa. Lakini nikatafuta albamu nzima ya 2024, ile inayosema nilikokuwa siko ninakokwenda. Kuna nyimbo za taratibu mle, sauti na gitaa na barabara ndefu. Hizo nimezielewa. Hizo ni kantri. Nitakuwa mkweli kwamba nilimhukumu kwa wimbo mmoja.

Na ile treni ya Bailey nimeipata. Mjukuu wangu alikimbia dirishani.

Mshonaji wa Makongeni

Mzee wangu, umenipa furaha ya wiki nzima. Shikamoo.

Stima ilirudi kitambo, nina sare za kwaya za kumaliza kabla ya Jumapili, lakini niwape habari ya jana kisha nirudi kazini.

Jumamosi nilimsomea baba uzi huu tangu mwanzo, kwa sababu macho yake sasa hayaoni herufi ndogo. Alinyamaza kwenye habari za jina lake, nikaogopa nimekosea kuliandika. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: «Na baba yake huyo kijana, yuko hai? Ameusikia?» Nikamwambia kijana amemtaja baba yake mara nyingi akihojiwa, ile kazi yake na ile kantri aliyotoka nayo Texas. Akatikisa kichwa polepole. Akasema anataka zile nyimbo za taratibu ziwekwe kwenye flashi yake, ile anayochomeka kwenye redio mpya, pamoja na Jim Reeves na treni ya Bailey na wasichana wa Kapkatet.

Jana jioni nikaipeleka kwa kijana wa duka la simu hapo karibu na stendi. Nikamtajia kila kitu, yeye anaandika majina ya mafaili kwenye kompyuta huku anahudumia wateja wengine wawili. Nimefika nyumbani, baba amechomeka, kidirisha cha redio kikawaka na herufi za kijani zikaanza kupita. Nikamsomea. JIMREEVES. TRENI. CHEMIROCHA. Na la mwisho, yule kijana ameliandika alivyolisikia: SHABUZI.

Nikamwambia baba limekosewa, kesho nitalirudisha lisahihishwe.

Akasema, «Kwanza tumsikie.» Akaongeza sauti.